Uchambuzi wa diskosi: ushauri kwa mnaoanza tisisi

Nyie mnaoandika proposo sasa hivi na mmesema mtatumia uchambuzi wa diskosi, yani kuchunguza lugha inavyotumika kujenga maana, nisikilizeni kidogo, maana chapta za matokeo nyingi ninazosoma zinaishia kutuambia mtu kasema nini halafu basi. Kwa hiyo ungetumia tu uchambuzi wa dhamira, ule wa kupanga mada zinazojitokeza kwenye data, ukamaliza mapema. Kwenye diskosi swali ni kasemaje, kwa nini hivyo na sio vingine, na nani ananufaika likisemwa hivyo.

Chukua Azimio la Arusha la 1967, lile tamko la chama cha TANU la ujamaa na kujitegemea. Kuna sehemu inasema tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa. Vitenzi vyote vitatu viko kwenye kutendwa, na hapo hapo huambiwi nani katuonea. Halafu linafuata kwamba unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, yani chanzo kimehamia kwetu, na kama unyonge ni wetu basi dawa nayo iko mikononi mwetu, ndo mlango wa kujitegemea unapofunguka hapo. Sasa huyo "sisi" ni nani, mkulima, chama, au wote wamefungwa kwenye neno moja? Ukifika hapo ndo urudi kwenye historia, TANU ilikuwa inaongea na nani, miaka mitano na kidogo tu baada ya uhuru. Norman Fairclough, mmoja wa wataalamu wakubwa wa uchambuzi huu, anataka hivyo hivyo, uisome matini, uangalie inavyotengenezwa na kupokelewa, kisha jamii inayoizunguka, na wengi wanaruka ile ya kwanza wanakimbilia siasa!

Kitu kingine, intavyuu za Kiswahili zichambue kwa Kiswahili jamani, tafsiri baadaye. Mtu akisema nyumba "zimebomoka" na mwenzake akasema "zimebomolewa", wa pili kaacha alama kwamba kuna mkono wa mtu na wa kwanza kaifuta, na ukikimbilia Kiingereza tofauti hiyo inapotea kirahisi sana.

Data zisikutishe, hotuba chache ulizozisoma mstari kwa mstari ni bora kuliko gunia la magazeti uliyoyapitia juu juu. NVivo, ile programu ya kompyuta ya kupangia data, inapanga tu, haikuchambulii.

Na kwenye difensi lazima utaulizwa, haya si maoni yako tu? Jibu liandae mapema: kila dai liwe na mstari wake kwenye data, na tafuta kwa makusudi sehemu zinazokupinga, uziandike humo humo kwenye chapta.