Pointi 23 za kidato cha nne: aende kidato cha tano, chuo cha kati au VETA?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi? Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kibaigwa wilayani Kongwa, na nafanya biashara ya mahindi pale sokoni. Mwanangu wa pili amemaliza kidato cha nne na kupata daraja la tatu, pointi 23. Kiswahili amepata B, Baiolojia, Jiografia na Uraia C, Kemia, Fizikia, Kiingereza na Historia D, Hisabati F. Baba yake mkubwa anasema ni lazima aende kidato cha tano, kwa sababu anayekwenda chuo baada ya kidato cha nne hafiki tena chuo kikuu. Shangazi yake anataka apelekwe VETA akajifunze umeme. Mwenyewe ndiye anayetibu mbuzi wetu tangu akiwa shule ya msingi, na anasema anataka mambo ya mifugo. Naomba unieleze njia zilizopo, na ipi haimfungii mlango wa mbele.

JIBU: Mama, nakushukuru sana kwa kuniandikia alama za kila somo. Wazazi wengi hunitajia daraja peke yake, na daraja peke yake halinitoshi kumshauri mtu. Pointi 23 za kijana wako ni jumla ya masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Daraja la tatu huanzia pointi 22 hadi 25. Jumla hiyo inaonyesha kwamba amefaulu. Haionyeshi anastahili kusoma nini, kwa sababu kila njia baada ya kidato cha nne huangalia masomo yake maalumu, na ndiyo maana watoto wawili wenye pointi 23 wanaweza kuwa na nafasi tofauti kabisa.

Nianze na kidato cha tano, kwa kuwa ndicho kinachozua mjadala nyumbani kwako. Vigezo ambavyo TAMISEMI imekuwa ikivitumia kuchagua wanafunzi wa shule za Serikali ni kwamba mwanafunzi awe na alama C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, jumla ya masomo saba isizidi pointi 25, pointi za masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo anaouomba, zisizidi 10, na asiwe na F katika somo lolote kati ya hayo matatu. Vigezo viwili vya kwanza kijana wako amevivuka, maana ana B moja na C tatu. Sasa chukueni kalamu, mkae naye, mgeuze karatasi ya matokeo na mpige hesabu ya kigezo cha tatu nyuma yake. PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, inampa 4 na 4 na 3, jumla 11, kwa hiyo haistahili. CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, inampa 4 na 3 na 3, jumla 10, ambayo ndiyo pointi ya mwisho inayokubaliwa. HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, inampa 4 na 3 na 2, jumla 9. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65, hivyo aipitie orodha yote kwa hesabu hiyo hiyo kabla ya kuamua, kwa kuwa watoto wengi bado wanajaza zile tu walizozisikia kwa kaka na dada zao.

Hesabu hiyo ina maana gani kwa kijana anayetaka mifugo? Tahasusi iliyo rahisi zaidi kwake, HGK, inamtoa kabisa katika sayansi, na akishamaliza kidato cha sita kwa njia hiyo hawezi kuomba shahada inayodai Kemia na Baiolojia. Tahasusi inayomfaa, CBG, amesimama ukingoni mwake: anastahili kuomba, lakini kustahili si kuchaguliwa, kwa sababu nafasi hugombewa na mwenye pointi 6 au 7 yuko mbele yake. Tena akichaguliwa, Hisabati haitamwacha. Wanafunzi wa tahasusi za sayansi ambao hawasomi Hisabati ya juu husoma ile wanayoiita BAM, na mtoto mwenye F ya Hisabati huingia katika somo hilo akiwa amechelewa kabla hata ya kuanza. Simkatazi kuomba. Ninataka tu mjue kwamba kidato cha sita hakina ujuzi wa kazi ndani yake. Thamani yake iko katika kufaulu vizuri masomo yasiyopungua mawili, yaani kupata alama za kati ya A na E zinazofikisha walau pointi 4.0 kwa hesabu ya vyuo vikuu, ambapo A ni 5 na E ni 1.

Kuhusu hoja ya baba mkubwa, naomba nimpinge kwa heshima zote, kwa sababu hoja hii imewapotezea watoto wengi miaka. Anayekwenda chuo cha kati baada ya kidato cha nne anaweza kufika chuo kikuu, na wapo wengi waliofika. Vyuo vya kati vinavyosimamiwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu ya ufundi, hufundisha kwa ngazi: ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ngazi ya 5 ni astashahada, na ngazi ya 6 ni stashahada, ambayo wengi wetu bado tunaiita diploma. Kwa kawaida kila ngazi huchukua mwaka mmoja, na sharti la jumla la kuingia ngazi ya 4 ni kuwa na ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, pamoja na yale ambayo kozi yenyewe inayadai. Akihitimu stashahada na kupata GPA, yaani wastani wa alama zake zote za chuo, isiyopungua 3.0, huku akiwa na zile D nne za kidato cha nne, anatimiza kiwango cha chini cha kuomba shahada kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Nasisitiza kwamba ni kiwango cha chini: baadhi ya kozi hudai zaidi, na mwenye GPA ya 2.8 hubaki na stashahada yake, kazi anayo, ila mlango wa shahada kwa njia hiyo haujafunguka. Kwa hiyo anayetaka kufika mbali kupitia chuo cha kati anatakiwa kusoma kwa bidii tangu muhula wa kwanza.

Sasa nije kwenye mifugo, ambako kwa maoni yangu ndiko jibu lenu lilipo. Hamna haja ya kwenda mbali, maana Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Mpwapwa, wilaya ya jirani na yenu, na hufundisha afya ya mifugo na uzalishaji. Baiolojia na Kemia ndiyo masomo ya kuangalia kwanza katika sifa za kozi hiyo. Baiolojia anayo C, Kemia anayo D. Umeniandikia kwamba yeye ndiye anayetibu mbuzi wenu. Hilo ni jambo la kumpongeza, lakini pia ni sababu ya kumpeleka chuo haraka. Mbuzi anayekohoa na kutoa kamasi anaweza kuwa na homa ya mapafu, anaweza kuwa na sotoka ya mbuzi na kondoo, na tiba ya ugonjwa mmoja haifai kwa mwingine: sotoka husababishwa na virusi na kinga yake ni chanjo, wakati homa ya mapafu inatokana na vimelea ambavyo dawa za antibayotiki huvipunguza nguvu, iwapo kipimo kimewekwa kulingana na uzito wa mnyama. Kijana anayejaza bomba la sindano kwa kukadiria kwa macho anaweza kuua mbuzi, au akazoesha vimelea dawa hadi isifanye kazi tena. Aidha, kutoa huduma ya tiba ya wanyama kwa wafugaji wengine ni kazi inayosimamiwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na huwezi kutambuliwa na baraza bila mafunzo rasmi.

Akimaliza stashahada na GPA nzuri, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kinafundisha shahada ya udaktari wa mifugo, ambayo ni ya miaka 5, na shahada nyingine za mifugo zilizo fupi kuliko hiyo. Atakuwa ametumia miaka 3 chuoni badala ya 2 ya kidato cha tano na sita, lakini mwaka huo mmoja wa ziada utakuwa umemwachia fani mkononi.

Kwa alama zake zipo pia kozi za afya ya binadamu, kama utabibu na uuguzi, ambazo huangalia Kemia, Baiolojia na Fizikia. Nazitaja ili mjue zipo; kama moyo wake hauko huko, msimsukume.

Shangazi naye asipuuzwe. VETA ina ngazi zake tatu za ufundi stadi, na aliyefika ngazi ya tatu anaweza kuendelea na ngazi ya 4 ya vyuo vya kati katika fani inayohusiana na aliyoisomea. Ningemshauri umeme bila kusita kama ningesikia kwamba anashinda akifungua redio na taa za nyumbani. Sijasikia hivyo.

Upande wa fedha, ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, ingawa godoro, sare, sanduku na nauli ya kwenda shule aliyopangiwa, ambayo huenda ikawa Kigoma au Mtwara, bado ni juu yako. Chuo kina ada. Hata hivyo, kuanzia 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwemo, kwa masharti yanayotolewa katika mwongozo wa kila mwaka.

Ushauri wangu ni kwamba afanye mambo mawili kwa pamoja. TAMISEMI inapofungua mfumo wa kubadilisha machaguo ya Selform, yaani fomu ambayo mwanafunzi hujaza tahasusi na vyuo anavyovitaka, aingie kwa namba yake ya mtihani na kuhakikisha CBG iko juu ya HGK. Wakati huo huo aombe LITA, na akipata nafasi zote mbili, mimi ningechagua Mpwapwa. Hisabati anaweza kuirudia mwezi Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea; cheti cha pili hakifuti cha kwanza, hivyo hana cha kupoteza zaidi ya ada ya mtihani.

Msimpe fedha mtu anayejiita wakala wa chuo. Miaka michache iliyopita nilimpokea ofisini binti aliyesoma mwaka mzima katika chuo ambacho hakikuwa na usajili wa kozi aliyofundishwa, na mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Niliishika ile karatasi yake ya matokeo yenye muhuri mzuri na sikuwa na la kumfanyia. Kabla ya kulipa, hakikisheni jina la chuo na la kozi yenyewe vimo katika orodha ya NACTVET, na malipo ya chuo cha Serikali yafanyike kwa kumbukumbu namba tu.

Mwisho, leo hii linganisha jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa na lililo kwenye matokeo, herufi kwa herufi. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, na tofauti ya herufi moja hudai kiapo cha kisheria, ambacho ni afadhali kukitafuta sasa hivi kuliko wiki ambayo dirisha la maombi linafungwa.