Mashine ya kukatia kadi: ya mkono au ya kompyuta?

Dada yangu wa Jinja, umeuliza ununue mashine ipi ya kukatia karatasi, ya kuzungusha kwa mkono au ile inayoongozwa na kompyuta, kwa kuwa unataka kuanza kutengeneza kadi za harusi na za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa bibi harusi) na fedha ulizonazo zinatosha mashine moja tu. Kazi hii nimeifanya hapa Kampala kwa miaka tisa. Nilianza na ya mkono, nikaongeza ya kompyuta miaka minne baadaye, na zote mbili bado ninazitumia.

Kabla ya kutazama mashine, tazama daftari lako la oda, hata kama oda zenyewe bado ni za ndugu na majirani. Jiulize ni kitu gani kinachojirudia. Mwenye harusi haagizi kadi moja. Anaagiza 150 au 200 zinazofanana kabisa, zenye ua lilelile na ukingo uleule, na kinachobadilika kati ya mteja mmoja na mwingine ni majina na tarehe. Majina na tarehe hizo unaweza kuzipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, zikachapwa kwa siku moja. Kinachobaki mikononi mwako ni kukata maumbo na kutunisha michoro juu ya karatasi, na kazi hiyo ndiyo mashine ya mkono inayoiweza vizuri.

Mashine ya mkono hutumia kalibu, yaani umbo la chuma lenye makali. Unaiweka juu ya karatasi, unavibana vyote kati ya mabamba mawili ya plastiki ngumu, kisha unazungusha mkono wa mashine na rola mbili zinavikandamiza hadi vitokee upande wa pili. Kwangu mzunguko mmoja kamili huchukua chini ya dakika moja, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Mashine ya kompyuta hutumia wembe mdogo unaofuata mchoro mstari kwa mstari. Uzuri wake ni kwamba inaweza kukata umbo lolote ulilolichora, hata jina la bibi harusi lenyewe, lakini inakwenda polepole. Niliwahi kupokea oda ya kadi 200 zenye matundu madogo madogo kama ya lesi. Kila moja ilichukua dakika sita, na ukizidisha utaona ni saa 20 za kukata tu, kabla ya kubandua karatasi kwenye mkeka wake wa kunata. Umeme ulikatika mara tatu katika oda hiyo, na kila mara karatasi iliyokuwa ndani iliharibika, kwa sababu mashine ilipowaka tena haikukumbuka ilipoishia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uanze na ya mkono. Hata hivyo, usiikimbilie ya kwanza utakayoiona, kwa maana kosa langu kubwa lilikuwa katika upana wa mdomo wa mashine. Nilinunua yenye mdomo wa inchi 6, ambazo ni kama sentimita 15, nikifikiri zinatosha kadi ya mraba ya sentimita 15. Hazikutosha, kwa kuwa kalibu yenyewe ina ukingo wake nje ya makali, na bamba la plastiki ni lazima liwe pana kuliko kalibu. Kwa mwaka mzima nilizikataa oda za kadi za mraba. Sizzix Big Shot ya kawaida ina mdomo wa inchi hizo 6, na ile iitwayo Big Shot Plus inapitisha karatasi ya A4. Kwa kadi za harusi ningeitafuta hiyo ya A4 hata kama ingenilazimu kusubiri miezi miwili zaidi.

Uliza pia kuhusu mabamba, kwa kuwa ndiyo yanayokwisha. Makali ya kalibu huyachora kila yanapopita, na ukitumia upande mmoja tu bamba hupinda kama gome la mti lililoanikwa juani. Mimi hugeuza kila baada ya kupitisha mara moja. Mashine aina ya Cuttlebug ilipendwa sana, lakini haitengenezwi tena, na mtu akikuuzia iliyotumika hakikisha kwanza unajua mabamba utayapata wapi. Kona moja isipokatika vizuri, usizungushe kwa nguvu: weka karatasi moja ya kawaida chini ya bamba, upitishe tena. Karatasi nzito ya gramu 250 kwa mita ya mraba iliyofyonza unyevunyevu wa ziwa nayo hukatika kwa shida, basi ihifadhi ndani ya mfuko uliofungwa.

Jambo moja ambalo watu wa nje hawatakuambia ni kuhusu lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti. Mteja mmoja alitaka kipande cha lubugo kwenye kila kadi ya kwanjula. Wembe wa mashine ya kompyuta uliburuta nyuzi, na kalibu nyembamba iliacha vinyuzi vikining'inia pembeni kama ndevu. Kalibu nene, ile yenye ukanda wa chuma uliopachikwa ndani ya sifongo na unene wa kama milimita 16, ilikata safi kwa mzunguko mmoja. Si kila mashine ya mkono inayopokea kalibu nene kiasi hicho, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Ikiwa oda zako ni chache na kila moja ina umbo lake, hapo ya kompyuta ina haki. Brother ScanNCut ina skana yake ndani na inaweza kufanya kazi bila kompyuta. Silhouette Cameo hutumia programu unayoiweka kwenye kompyuta ukafanya kazi bila intaneti. Cricut ni nzuri, ila inakutaka ufungue akaunti, na bando likiisha utasumbuka. Soma kibandiko cha adapta: kiwe kimeandikwa volti 100 hadi 240. Kikiwa na 110 au 120 pekee, usiichomeke adapta hiyo hapa kwetu.

Ukienda kuinunua, nenda na karatasi yako mwenyewe. Mwombe muuzaji aipitishe mbele yako, kisha uliinue umbo lililokatwa kwa ncha ya sindano, ukianza na kona, si katikati, kwa sababu rola zilizochakaa hujulikana kwenye kona. Ukiniandikia vipimo vya kadi unazotaka kutengeneza, nitakuambia kalibu zipi zitapita.