Mkuu wa shule ameshasaini. Je, inatosha?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia hapa Tanzania. Utafiti wangu unahusu hofu ya mtihani kwa wanafunzi wa kidato cha nne katika shule mbili za kutwa. Nimepanga kuwapa wote jaribio fupi, kisha nusu yao niwaambie wamefeli hata kama wamefaulu, halafu nipime hali yao kwa hojaji ya PHQ-9. Baada ya wiki mbili nitarudi kuwaeleza ukweli. Wakuu wa shule wote wawili wameshasaini. Msimamizi wangu anasema kamati ya maadili itanirudisha. Kosa liko wapi, wakati hojaji hazina majina na hakuna atakayeumia?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako anakutakia mema, msikilize. Nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo miaka kadhaa, na andiko kama lako hatukuwa tukilijadili muda mrefu.

Tuanze na hizo saini. Mkuu wa shule anakufungulia geti, basi. Hawezi kukubali kwa niaba ya mwanafunzi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wengi wa kidato cha nne hawajafika umri huo. Unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na juu yake mtoto mwenyewe akubali. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akasema hapana, unamwacha mtoto aende zake.

Sasa, mtoto anasemaje hapana? Nikiwa mwanafunzi kama wewe niliingia darasani na fomu zangu nikiwa nimejiandaa vizuri, nikaeleza kila kitu, nikasema kushiriki ni hiari. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amekaa nyuma ya darasa, anasahihisha madaftari, fimbo iko mezani. Dakika kumi hazikuisha fomu zote zikarudi zimesainiwa. Nilifurahi kweli. Wakati natoka, binti mmoja akanifuata mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ambaye hajasaini, jina lake linapelekwa ofisini?" Yeye alikuwa ameshasaini. Fomu zile sikuzitumia.

Tangu hapo nikipitia andiko la mtu anayekwenda shuleni, gerezani, kambini au kazini kwa watu, naangalia kwanza mlango wa kukataa. Mwambie mwalimu atoke nje. Kila mwanafunzi apewe bahasha ileile, aliyekubali na aliyekataa wote waifunge na kuirudisha, na ndani yake asiyetaka kushiriki akute zoezi la kufanya palepale kwenye dawati lake, ili jirani asijue nani yumo na nani hayumo. Kama unagawa kalamu au soda, wape wote. Ukimpa aliyeshiriki tu, umeshaanza kununua.

Nije kwenye uongo wako, maana hapo ndipo penye shida kubwa. Udanganyifu katika utafiti wa saikolojia haujapigwa marufuku moja kwa moja. Kanuni za chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ambazo vyuo vingi hata nje ya Marekani huziangalia, zinaukubali kwa masharti: utafiti uwe na thamani ya kutosha, pasiwe na njia nyingine inayofaa, na usitumike pale unapotarajiwa kuleta maumivu ya mwili au uchungu mkubwa wa moyo. Kisha mshiriki aelezwe ukweli mapema iwezekanavyo, na aruhusiwe kuondoa taarifa zake. Sharti la tatu ndilo linalokuangusha. Kumwambia mtoto wa kidato cha nne kwamba amefeli, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa, si sawa na kumficha mtu mzima lengo la hojaji. Na wewe unataka akae na uongo huo wiki mbili.

Najua utanitajia Milgram, yule mwanasaikolojia wa Marekani; wanafunzi wote hunitajia. Pale Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1961, aliwaambia watu kwamba utafiti unahusu kumbukumbu, akawaagiza wampige mwenzao shoti za umeme ambazo kumbe hazikuwepo. Katika jaribio lake maarufu, 26 kati ya 40 walifika kwenye swichi ya mwisho, volti 450, huku baadhi wakitetemeka na kutokwa jasho. Makala yake ilitoka 1963, na mwaka uliofuata mwanasaikolojia Diana Baumrind akaandika kuhoji kama watu wale walitendewa haki. Kwa hiyo Milgram si kibali chako. Ni sababu mojawapo ya kamati hizi kuwa wakali.

Lakini wewe msome zaidi mwanasaikolojia Lee Ross na wenzake, 1975. Waliwapa watu kazi ya kutambua barua zipi ni za kweli na zipi za kubuni, wakawaambia baadhi yao wamefanya vizuri na wengine vibaya, bila kuangalia walichofanya. Baadaye wakawafunulia kwamba majibu yale yalikuwa ya uongo mtupu. Pamoja na hayo, walioambiwa wamefanya vibaya waliendelea kujiona hawawezi kuliko wenzao. Kilichosaidia zaidi ni kuwaeleza pia jinsi imani ya namna hiyo inavyong'ang'ania kichwani hata baada ya kukanushwa. Yaani ile "nitarudi kuwaeleza ukweli" haifuti ulichoandika.

Na huhitaji kudanganya. Moko, ule mtihani wa majaribio, ipo. Pima hofu wiki moja kabla ya matokeo kutoka, pima tena siku chache baada ya kutoka. Utapoteza kitu, sikatai: hutakuwa umewagawa kwa bahati nasibu, kwa hiyo madai yako kuhusu chanzo yatakuwa ya tahadhari. Ishi na hilo.

Halafu PHQ-9 inapima dalili za sonona, na inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukimpa mtu hojaji hiyo saa moja baada ya kumwambia amefeli, unapima nini hasa? Tafuta kipimo cha hofu ya mtihani. Kupoteza muda wa watoto kwa kipimo kisichofaa nalo ni suala la maadili, ingawa watu hawalioni hivyo.

Kama msimamizi atasisitiza PHQ-9 ibaki, fungua swali la tisa. Linauliza kama umewaza kwamba ni afadhali ufe, au kujidhuru. Hojaji zako hazina majina. Jioni unazipanga mezani nyumbani, unakuta mmoja amejibu "karibu kila siku". Utampataje? Tumia namba: orodha ya majina na namba ikae kwako peke yako, mbali na hojaji, na swali hilo lisomwe kabla hujatoka shuleni siku hiyohiyo. Kwenye fomu ya ridhaa useme wazi kwamba usiri una mpaka, na mpaka wenyewe ni huo. Isitoshe, kutoandika jina hakumfichi mtu katika darasa dogo. Ukiuliza umri, jinsia na mtaa, mvulana pekee wa miaka 21 anajulikana na kila mtu.

Vibali nitavipitia haraka: kamati ya chuo kwanza, kisha barua ya mkoa na halmashauri, na ukigusa afya uulize chuoni kama unatakiwa kupita NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Taarifa za afya ya akili za watoto zinaangukia pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usikusanye hata hojaji moja kabla kibali hakijatoka. Kibali cha maadili hakirudi nyuma.

Kabla ya hayo yote, tafuta mshauri nasaha aliye karibu na kila shule, akubali kupokea mwanafunzi utakayempeleka siku hiyohiyo. Andika jina lake na simu yake kwenye fomu ya wazazi, kisha uniletee fomu hiyo tuisome.