Hamsini au Sitini: Kosa Lililoniharibia Harusi ya Watu

Kamera yangu ya kwanza ya maana niliinunua mkononi kwa jamaa aliyerudi kutoka Marekani. Ilikuwa msimu wa korosho hapa Mtwara, malipo ya mnada yameanza kuingia, harusi zinafuatana kila wikiendi. Kazi ya kwanza ukumbini, usiku, taa za tyubu kila upande. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona tatizo. Nyumbani nikafungua kwenye kompyuta: mistari myeusi inapita juu ya uso wa bibi harusi na ukumbi mzima unapepesa. Nusu ya hela nikarudisha, na mama wa bwana harusi hanisalimii mpaka leo.

Nikadhani kamera ni mbovu. Kumbe ilikuwa inafuata hesabu za kwao.

Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani 60. Kwa hiyo tyubu za kwetu hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde; jicho halioni, lakini kamera iliyopangwa kwa hesabu ya 60 haiendi sambamba nazo, inaona. Na televisheni zilizaliwa zikifuata umeme wa nchi zao. Wamarekani, na mfumo wao wa rangi wa NTSC wa mwaka 1953, walikuwa na mistari 525 na takribani picha 30 kwa sekunde. Ulaya mistari 625, picha 25. Mjerumani Walter Bruch akaja na mfumo wake wa rangi, PAL, ambayo hugeuza wimbi la rangi mstari hadi mstari ili kosa la mstari mmoja lifutwe na unaofuata. NTSC haikuwa na ujanja huo, ndiyo maana TV zao za zamani zilikuwa na kitufe cha kurekebisha sura za watu zisigeuke kijani. Wafaransa nao wakashika njia yao, SECAM, na Warusi wakawafuata. Ukichomeka mkanda wa SECAM kwenye TV inayojua PAL peke yake unaona picha, lakini haina rangi.

Sisi tuko upande wa PAL. Zanzibar walianza na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati bara tulisubiri hadi 1994.

Kwa hiyo wewe mpiga video: ingia kwenye menyu, chagua PAL, rekodi fremu (yaani picha) 25 au 50 kwa sekunde. Kama kamera yako ina NTSC peke yake, usiitupe. Weka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde unapokuwa chini ya taa, mistari mingi itapotea. Ungeniambia hilo siku ile ningekununulia pweza.

Mwaka juzi mjomba wangu wa Mikindani akatumiwa TV ya flati na mwanawe aliyeko Marekani. Nimefika, waya uko mkononi mwake. "Sasa mjomba, tunachomeka?" Nikamwambia asubiri, tukaigeuza. Kibandiko cha nyuma: 120V, 60Hz (Hz ni ile mizunguko kwa sekunde). Soketi yetu ina volti 230, ingekufa palepale. Ingeandikwa 100-240V, 50/60Hz, tusingekuwa na neno. Tukatafuta transfoma ya kushusha umeme.

Ikawaka, tukachomeka antena, haikupata chaneli hata moja. PAL na NTSC zimepitwa na dijitali, lakini mgawanyiko umebaki: Marekani wanarusha kwa ATSC, Japani ISDB-T, China DTMB, sisi DVB-T2. Ndiyo sababu pia skrini ya gari lililotoka Japani haishiki matangazo yetu. Usimlaumu fundi redio.

Dawa ni king'amuzi kwa waya wa HDMI. Hapo nako tulikwama: skrini nyeusi, maandishi kwamba haikubali mawimbi hayo. King'amuzi kilikuwa kinatoa 50Hz na ile TV inataka 60 tu. Nikakibeba hadi kwa jirani, nikakichomeka kwenye TV yake, nikabadilisha mpangilio kuwa 1080p, 60Hz, nikakirudisha. Picha ikaja. Mpira ukiwa na kasi inashtukashtuka kidogo, maana mechi inarushwa kwa 50 na king'amuzi kinarudia fremu ili kujaza pengo. Mimi inaniudhi. Mjomba hajaiona hata siku moja; analalamikia transfoma tu, inayonguruma chini ya meza kama paka aliyeshiba.