Uliza Bi Mwalimu: Koo linakaza nikipanda juu

SWALI: Asalaam aleykum Bi Mwalimu. Mimi kijana wa Langoni hapa Lamu, naimba kaswida na harusini pia naitwa. Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, ukikaribia mazoezi ni kila usiku, sasa kila nikipanda juu koo linakaza, sauti inatoka nyembamba, asubuhi nimepwelewa kabisa. Rafiki yangu aniambia nikachuliwe shingo kwa mama mmoja anaechua waliotegua miguu. Niende ama nisiende?

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Usiende. Si kwamba mama hajui kazi, mguu anaujua, lakini shingoni kuna mishipa mikubwa ya damu pande zote mbili, ile unaisikia yapiga ukiweka kidole chini ya taya, ikibanwa kwa nguvu mtu aweza kuzimia papo hapo. Kuchua kwenyewe ni jambo la kweli, Mmarekani Arnold Aronson, mtaalamu wa maradhi ya sauti, aliandika kuihusu mwaka 1990 na bado yatumika, ila ni kazi ya vidole vyepesi na utaifanya mwenyewe mbele ya kioo.

Anza na taya, koo liache kwanza. Uma meno, tafuta pale msuli unapotuna chini ya mfupa wa shavu, halafu legeza meno ushuke na vidole pole pole mpaka pembe ya taya, kidevu kianguke chenyewe. Wengi hapo ndo wanagundua pauma na siku zote hawakujua.

Kisha dole gumba liweke chini ya kidevu penye nyama laini, imba chini, panda. Pakiwa pagumu ghafla, mkorofi wako ni ulimi. Manake mzizi wa ulimi umeshikana na kimfupa kilichoko juu ya kikoromeo, na kimfupa hicho hakikuungana na mfupa mwengine wowote, kinaning'inia kwa misuli na kano tu, kwa hivyo ulimi ukikaza kikoromeo nacho chavutwa juu. Na nyinyi vijana mna tabia ya kuinua kidevu kuifuata maiki, hapo ndo mnazidisha.

Sasa kikoromeo. Kishike kwa dole gumba na kidole cha shahada, meza mate utasikia chapanda, piga mwayo chashuka. Kati yake na kile kimfupa kuna kijibonde, zungusha vidole hapo kwa uzito ule wa kupapasa embe kujua kama limeiva, vuta chini kidogo, sogeza kushoto na kulia. Kikilia kwa-kwa bila maumivu usishtuke. Lakini usifanye kimya! Toa "mmm" muda wote, na sauti ikifunguka ishike hapo hapo, ondoa vidole, endelea nayo mpaka iwe neno, mpaka iwe beti. Watu wanachua huku wanaangalia simu, mdomo umefungwa, kisha wanarudi kuimba vile vile walivyozoea halafu wanasema haifanyi kazi.

Ukimaliza, puliza sauti kwa mrija ndani ya gilasi ya maji nusu, mapovu yatoke sawa sawa. Na ikiwa matari yote yapigwa, huku wewe huna maiki, waambie wapunguze au wakupe maiki, manake hapo hata ukichuliwa kutwa hakuna kitu. Kupwelewa kukipita wiki 3, au ukihisi uvimbe shingoni, mwone daktari wa masikio, pua na koo, usichue tena.

SWALI (kutoka Malindi): Bi Mwalimu, ati tangawizi na asali zalainisha nyuzi za sauti kabla ya shoo?

JIBU: Hazifiki huko. Nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, kinywaji kikipotea kikaingia njia hiyo utakohoa mpaka utoke machozi. Kunywa ukipenda, koo litasikia raha, lakini za nyuzi ni maji ya kutwa nzima na kujifukiza mvuke. Na ile miraa ya mazoezini inakausha mdomo, hata mkininunia ntasema.