Anakula mchicha kila siku na damu haipandi? Angalia chai kwanza

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako mjamzito, kwamba anakula mchicha, matembele na maharage kila siku, FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, anameza, lakini HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, imegoma kwenye 8, naomba nikujibu kwa urefu kidogo mana hilo limenikuta mwenyewe na najua linavyotesa.

Mimi ilikuwa mimba ya pili, 2019, nakaa Tandika, nashona nguo nyumbani. Nikiinuka kwenye cherehani macho yanaingia giza, nikienda duka la hapo hapo jirani moyo unadunda kama nimekimbizwa, na pemba, ule udongo wanaouza sokoni, nilikuwa silali bila kutafuna vipande viwili vitatu. Kliniki wakanipima, HB 8.6. Mjamzito akiwa chini ya 11 tayari anahesabiwa ana upungufu wa damu, kwahiyo nikaongezewa vidonge na kuambiwa nizidishe mboga za majani. Nikala kweli. Mama mkwe akanichemshia rozela, jirani akaleta bitiruti, kila mtu na dawa yake na wote walikuwa na nia njema. Mwezi ukaisha narudi kupima, 8.7. Nililia pale pale kwenye benchi.

Nesi mmoja mtu mzima ndo akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza, hivi vidonge unameza na nini? Nikamwambia na chai asubuhi, ndo muda ambao sisahau, chai ya rangi na chapati, na mchana nikishakula wali maharage na mchicha lazima nishushie na kikombe kingine. Hakunigombeza. Alichukua kidonge kimoja akakiponda kwa kijiko, akakitia kwenye chai yake iliyokuwa imebaki kikombeni, akakoroga. Ile chai ikaanza kuwa nyeusi mbele ya macho yangu, mpaka ikawa nyeusi tii kama wino. Akasema, mwanangu, na tumboni kwako ndo hivyo hivyo, madini ya chuma yanashikana na ule ukali wa majani ya chai, yakishashikana mwili hauwezi kuyachukua tena, unaenda kuyaacha chooni.

Huo ukali unaitwa tanini, ndo unaoacha utando wa kahawia kwenye vikombe na ndani ya chupa ya chai. Nilikuja kujua hata wino wa zamani ulitengenezwa hivyo hivyo, tanini za miti zikichanganywa na chuma. Sasa chuma kilichopo kwenye mboga za majani na maharage chenyewe mwili unakichukua kwa shida, ukiongeza chai mezani kinaweza kupotea zaidi ya nusu. Kile cha nyama na maini hakisumbuliwi sana, ila niambie sisi wa kawaida nyama tunaila mara ngapi kwa wiki. Kahawa nayo ni hivyo hivyo, na usidanganyike kwamba chai ya maziwa ina nafuu, maziwa nayo yanazuia chuma.

Chai sikuacha, ningeacha vipi na nimekulia kwenye chai. Niliihamisha tu. FEFO nikawa nameza na maji na chungwa moja, chai nakunywa saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, mbali na chakula, angalau lipite saa moja, mimi nilikuwa naacha hata mawili. Maharage nakamulia ndimu au nakula na kachumbari ya nyanya na hoho, mana vitamini C inausaidia mwili kukichukua kile chuma cha mboga. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni pemba, aisee hiyo ilinitesa, na yenyewe inashika chuma kama chai, kwahiyo huyo mdogo wako muulizeni kwa upole kama anatafuna, wengi wanaficha. Na choo kikiwa cheusi asiogope, ni vidonge hivyo.

Baada ya wiki 4 nikapima 9.6, nakaribia kujifungua nikawa na 11.1. Vidonge vile vile, mchicha ule ule. Na hata baada ya kujifungua niliendelea kumeza miezi 3 kama nilivyoelekezwa, mana damu ikishapanda bado akiba ya mwilini haijajaa.

Ila sisemi kila damu inayogoma ni chai. Minyoo ya safura inanyonya damu kimya kimya, malaria inaivunja, na wapo wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwahiyo kliniki aulize kama ameshapewa dawa ya minyoo na apimwe malaria. Na HB ikishuka chini ya 7 hapo hakuna habari ya chungwa wala ndimu, ni hospitali siku hiyo hiyo, hasa kama anahema kwa shida.

Sasa niambie, asubuhi huyo mdogo wako anameza vidonge vyake na nini? Na chai anakunywa vikombe vingapi kwa siku, muda gani?