Kimbunga hakiishii ufukweni

Swali la wiki hii: "Anayeishi mamia ya kilomita kutoka baharini ana haja gani ya kuhofia kimbunga?"

Anayo, tena kubwa, kwa sababu huko bara maji huua kuliko upepo. Kimbunga Helene kilitua Florida, Marekani, usiku wa 26 Septemba 2024 kikiwa cha daraja la 4 kati ya 5. Kilipokaribia milima ya magharibi mwa jimbo la North Carolina kilikuwa kimeshuka hadi dhoruba ya kitropiki. Lakini mvua ilikuwa imetangulia, udongo umeshiba, na hewa yenye unyevu ikamwaga maji ilipokwea milima. Busick, mahali padogo katika milima hiyo, ilipata zaidi ya milimita 700 za mvua. Mto French Broad ukapanda futi 24.67 pale jijini Asheville, karibu mita 7.5, ukavunja rekodi ya 1916.

Daraja la kimbunga hupima upepo tu. Ulizia mvua inayotarajiwa kwenye milima iliyo juu ya mto wako na kina cha mto kila saa. Uwe na redio ya betri, maana minara ya simu huzimika. Kama uko bondeni au chini ya mteremko, ondoka mapema, kabla ya giza. Kijito kikigeuka tope ghafla au maji yake yakipungua mvua ikiendelea, huenda mlima umeporomoka huko juu: kimbilia pembeni na juu, kamwe usifuate bonde. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi huweza kusomba gari dogo.

Maji ya kunywa ndiyo husahaulika. Asheville mabomba makuu yalikatika, na maji ya bomba yalitangazwa salama kunywa 18 Novemba tu. Weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya wiki mbili ukiweza. Yakiisha, chemsha maji mengine unayopata, au tia matone 2 ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 6, kwa kila lita ya maji maangavu, usubiri dakika 30. Soma asilimia kwenye chupa kwanza. Maji yenye mafuta au kemikali hayatibiki hivyo, yaache.

Na ndugu mlioko Marekani: bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya mpango wa serikali, NFIP, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, kwa hiyo ikate kabla ya msimu kuanza Juni. Hata mpangaji anaweza kukatia vyombo vyake, hadi dola 100,000.